Haki ya Kiongozi katika Biblia na Historia Yake Lodwar na Kakuma

Mafundisho ya Biblia kuhusu haki ya viongozi yalichelewa kufika Turkana, kaskazini magharibi mwa Kenya, na yalipofika yalifuatana na chakula cha msaada. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeifunga wilaya hiyo kwa wageni, wamisionari wakiwemo, mpaka njaa ya 1960 na 1961 ilipomaliza mifugo na kulazimisha milango ifunguliwe. Mwaka 1961 mapadre wa Shirika la Mtakatifu Patrick kutoka Ireland, ambao wengi huwaita Mapadre wa Kiltegan, walianza kazi Lodwar. Kwa upande wa Waprotestanti, Africa Inland Mission ilijenga kituo Lokori, kusini mwa wilaya. Wengi waliosikia habari za Musa au nabii Amosi kwa mara ya kwanza walizisikia wakiwa karibu na vituo vya njaa, mahali pa foleni, macho yao yakimfuata mtu anayepima mahindi. Tangu hapo, katika miji ya Lodwar na Kakuma, haki ya kiongozi imepimwa kwa mgao kuliko kwa hukumu: nani amehesabiwa, nani amerukwa, nani amepewa cha mwenzake.

Kabla ya hapo Turkana haikuwa nchi isiyo na sheria. Hakukuwa na mfalme wala ikulu, lakini wazee walikaa chini ya mti na kuamua kesi za wizi, mahari, mauaji na malisho, na faini ililipwa kwa mifugo. Familia zilizohama na kuchunga pamoja ziliunda adakar, na aliyesikilizwa humo alikuwa mtu mwenye umri, mifugo na mkono usiofumbwa. Mchoyo hata akiwa tajiri hakuwa na neno zito. Juu ya wazee alikuwapo emuron, mwaguzi aliyepokea ndoto kutoka kwa Akuj, Mungu wa mbinguni na wa mvua. Lokerio, emuron mashuhuri wa karne ya 19, anakumbukwa kwa kuwaongoza Waturkana wakati walipopanua nchi yao. Katika karamu ya akiriket wanaume hukaa nusu duara kwa mpangilio unaojulikana, na nyama hugawiwa kwa mpangilio huo. Kukosea mgao pale si jambo dogo, kwa sababu kila kipande kinatangaza heshima ya mtu mbele ya wenzake.

Ulimwengu wa Agano la Kale haukuwa mbali sana na huo. Wazee wa Israeli waliketi langoni pa mji, na ni hapo Boazi alipowaita wazee kumi washuhudie suala la shamba na ndoa ya Ruthu. Kitabu cha Waamuzi kinamweleza Debora akiamua mashauri ya watu chini ya mtende, kati ya Rama na Betheli. Mti wa Debora ungetambulika mara moja Lodwar, ingawa Debora mwenyewe asingetambulika kwa urahisi hivyo: chini ya mti wa wazee wa Kiturkana wanawake kwa desturi hukaa pembeni, na mara nyingi kesi zao husemwa na baba, mume au kaka. Kitabu cha Hesabu kina simulizi nyingine yenye makali hayohayo, ile ya mabinti watano wa Selofehadi waliosimama mbele ya Musa na wakuu wote wakidai urithi wa baba yao asiyekuwa na mwana wa kiume, wakapewa. Ni sura ambayo wahubiri wengi huipita haraka.

Mafundisho yenyewe yametawanyika katika vitabu vingi, na hayasemi jambo moja tu. Katika Kutoka sura ya 18, Yethro, mkwewe Musa, anamkuta Musa akiamua kesi peke yake tangu asubuhi hadi jioni na kumwambia kwamba atachoka yeye na watu wake pia. Ushauri wake ni wa kiutawala kabisa: achague watu wenye uwezo, wamchao Mungu, wakweli na wanaochukia mapato ya dhuluma, awaweke juu ya maelfu, mamia, hamsini na makumi. Kumbukumbu la Torati kinaongeza kwamba mwamuzi amsikilize mdogo kama mkubwa, na mgeni kama mwenyeji, kisha katika sura ya 16 kinakataza rushwa kwa sababu hupofusha macho ya hata wenye hekima. Mambo ya Walawi 19 ina sharti ambalo huwashangaza wasomaji wa leo: hakimu asimwogope tajiri, lakini pia asimpendelee maskini kwa sababu ya umaskini wake. Sura hiyohiyo inadai mizani ya haki na vipimo vya haki. Sura ya 17 ya Kumbukumbu la Torati inamwekea mfalme mipaka: asijilimbikizie farasi, wake wala fedha, na ajiandikie nakala ya sheria aisome siku zote za maisha yake.

Baadhi ya maandiko haya yanahitaji maelezo marefu mjini Nairobi lakini hayahitaji maelezo yoyote kando ya mto Turkwel. Samweli anapostaafu, katika sura ya 12 ya kitabu chake cha kwanza, anasimama mbele ya umma na kuuliza ni ng'ombe wa nani aliyemtwaa na ni punda wa nani. Hesabu ya uongozi inafungwa kwa mifugo. Kwa mfugaji ambaye nyumba yake huhama juu ya mgongo wa punda, swali la pili halina mzaha: anayemnyang'anya mtu punda amemnyang'anya uwezo wa kuhama, na huko kutohama ni kufa. Vivyo hivyo simulizi ya nabii Nathani, aliyemnasa mfalme Daudi kwa kisa cha tajiri mwenye kondoo tele aliyemchinjia mgeni wake kondoo wa pekee wa maskini. Amosi alikuwa mchungaji kutoka Tekoa kabla ya kuwa nabii, na Ezekieli sura ya 34 inawashtaki wachungaji wanaojilisha wenyewe huku kundi likitawanyika. Mahubiri juu ya sura hiyo husikilizwa Turkana na watu wanaojua kuchunga, nao hupima kila neno.

Serikali ya kwanza ya kigeni waliyoijua Waturkana haikuja na vitabu hivyo. Ilikuja na misafara ya kijeshi. Kampeni ya Labur ya mwaka 1918 ndiyo iliyovunja upinzani mkubwa wa Waturkana. Watu waliuawa na mifugo kwa maelfu ilichukuliwa, na njaa ikafuata. Sheria ya Adhabu za Pamoja ya 1909 iliwaruhusu maofisa wa koloni kutoza jamii nzima faini ya mifugo kwa kosa la wachache. Mwenye nguvu mpishe, ndivyo ilivyokuwa. Sheria za Wilaya za Pembezoni na ile ya Wilaya Maalumu ya 1934 zilifunga mlango zaidi: mtu hakuingia wala kutoka bila kibali, na mkuu wa wilaya alikuwa mtawala, mkuu wa polisi na hakimu kwa pamoja. Torati ilikuwa imelikataa jambo hilo la adhabu ya pamoja zamani. Kumbukumbu la Torati 24 inaagiza baba asiuawe kwa kosa la mwana wala mwana kwa kosa la baba, na Ezekieli 18 inalirefusha wazo hilo kuwa hoja nzima. Utawala uliojiita wa Kikristo uliiacha hoja hiyo ndani ya kanisa la Jumapili na kutawala kaskazini mwa Kenya kwa sheria nyingine.

Ukavu na umbali wa wilaya hiyo ukaifanya gereza linalofaa. Jomo Kenyatta na wenzake walikamatwa tarehe 20 Oktoba 1952, wakashtakiwa Kapenguria kwa kuongoza Mau Mau, vuguvugu lililopinga ukoloni, na tarehe 8 Aprili 1953 hakimu Ransley Thacker akawahukumu kifungo cha miaka saba na kazi ngumu. Walipelekwa Lokitaung, kaskazini mwa Lodwar. Wanahistoria wameandika kwamba Thacker, jaji mstaafu, alilipwa na serikali pauni 20,000 nje ya mshahara wake wa kawaida. Shahidi muhimu, Rawson Macharia, mwaka 1958 aliapa kwamba alikuwa ameahidiwa manufaa ili atoe ushahidi wa uongo, yakiwemo masomo Uingereza. Badala ya kesi ya Kapenguria kufunguliwa upya, Macharia ndiye aliyefungwa, kwa madai kwamba kiapo hicho cha pili ndicho cha uongo. Msomaji wa 1 Wafalme 21 anayatambua mambo haya yote. Shamba la mizabibu la Nabothi lilichukuliwa kupitia kesi iliyofuata utaratibu: kulikuwa na baraza, wazee, mashahidi wawili kama sheria ilivyodai, na hukumu. Kilichokosekana kilikuwa ukweli.

Kenyatta alipomaliza kifungo mwaka 1959 hakuachiwa. Alihamishiwa Lodwar, akaishi chini ya kizuizi hadi Aprili 1961, alipopelekwa Maralal, na mwezi Agosti akawa huru. Nyumba aliyokaa Lodwar imehifadhiwa. Torati inapowaamuru Waisraeli wamtendee haki mgeni, yatima na mjane, sababu inayotolewa tena na tena ni kumbukumbu: mlikuwa watumwa Misri, mnajua hali hiyo. Kwa kipimo hicho yaliyofuata ni magumu kuyaeleza. Mwaka 1965 serikali ya Kenyatta, sasa akiwa rais, ilitoa Waraka Namba 10 juu ya ujamaa wa Kiafrika, ulioelekeza fedha za maendeleo kwenye maeneo yenye ardhi yenye rutuba, mvua, reli na barabara, kwa hoja kwamba shilingi ingezaa zaidi huko na faida ingewafikia wengine baadaye. Sheria za kufunga wilaya za kaskazini nazo zilibaki katika vitabu vya sheria baada ya uhuru. Lodwar ilibaki na barabara mbovu na shule chache, na maofisa waliendelea kuuona uhamisho wa kwenda Turkana kama adhabu.

Pengo hilo lilijazwa na makanisa. Prefektura ya Kitume ya Lodwar ilianzishwa mwaka 1968 chini ya John Christopher Mahon, na mwaka 1978 ikawa jimbo kamili, naye akawa askofu wake wa kwanza. Kwa miaka mingi shule, zahanati, visima na mabwawa ya wilaya vilitegemea misheni kuliko wizara. Masista wa Medical Missionaries of Mary walijulikana kwa matibabu sawa na mapadre walivyojulikana kwa sakramenti. Hapo kanisa lenyewe likawa kiongozi, na maandiko yakageuka kulitazama. Anayegawa maji na mahindi ana mamlaka, apende asipende, na uvumi kwamba waliobatizwa hupata zaidi ulikuwa mwepesi kuota.

Sura inayogusa hali hiyo moja kwa moja ni Matendo ya Mitume 6. Kanisa la Yerusalemu liligawa chakula kila siku, na Wayahudi waliozungumza Kiyunani wakalalamika kwamba wajane wao wanasahauliwa. Mitume hawakukana lalamiko hilo, wala hawakuwakemea waliolileta. Waliitisha mkutano, wakaagiza watu saba wachaguliwe na umma, watu wa sifa njema, ili mikono inayogawa isiwe ileile inayohubiri. Majina ya wote saba, wakiwemo Stefano na Filipo, ni ya Kiyunani. Inaelekea, basi, kwamba walichaguliwa kutoka upande uliolalamika, au angalau upande huo haukuachwa nje. Kwa mtu anayeshughulikia msaada wa chakula, sura hii ina mambo matatu ya vitendo: malalamiko kuwa na mahali pa kupokelewa, kazi za kugawa na kuongoza kutenganishwa, na waliorukwa kuwa na mtu wao kwenye mizani. Kamati za msaada zilizoanzishwa Turkana katika miongo iliyofuata ziliyatafuta mambo hayohayo kwa majina mengine.

Mahitaji hayakupungua. Mwaka 1979 Idi Amin alipoanguka nchini Uganda, Wamatheniko wa Karamoja walivunja ghala la silaha la kambi ya Moroto, na bunduki zikamiminika mpakani. Ukame wa 1979 hadi 1981, ambao Waturkana wanaukumbuka kwa jina la Lopiar, ulifagia mifugo, na magenge yenye silaha yaliyoitwa ngoroko yakachukua kilichobaki. Makambi ya njaa yalirudi, safari hii chini ya Mradi wa Ukarabati wa Turkana. Ajabu ni kwamba mapatano ya Lokiriama kati ya Waturkana na Wamatheniko, yaliyofanywa tarehe 19 Desemba 1973 kwa wazee kuzika silaha ardhini, hayakufa, na hadi sasa huadhimishwa kila mwaka. Mapatano hayo yalifanywa kwa desturi, si kwa Biblia, lakini makanisa yaliyashika kama mfano, kwa sababu yalidumu kuliko misako mingi ya serikali ya kunyang'anya bunduki.

Katika miaka ya 1980 mimbari za Kenya zilikuwa miongoni mwa mahali pachache ambapo dola iliweza kukosolewa. Askofu David Gitari wa Kanisa la Anglikana alihubiri juu ya Nabothi wakati ardhi ya umma na ya wanyonge ilipokuwa ikinyakuliwa, na akapinga uchaguzi wa mlolongo wa 1988, wa kupiga kura kwa kupanga foleni. Askofu Alexander Muge wa Eldoret aliposema hadharani kwamba watu wa Pokot Magharibi wanakufa njaa, wakubwa wa chama tawala walimkasirikia. Alikufa katika ajali ya barabarani tarehe 14 Agosti 1990 akitoka Busia, siku chache baada ya waziri Peter Okondo kutamka kwamba akienda huko hatarudi hai. Lodwar haikutoa wahubiri waliojulikana kitaifa kwa kiwango hicho. Huko upinzani wa kanisa ulichukua sura ya pampu ya maji na darasa, jambo ambalo halikuandikwa sana magazetini.

Kakuma ilibadilika mwaka 1992. Mji huo mdogo kando ya mto Tarach, mto ambao sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu, ulipokea maelfu ya vijana wa Sudan waliokuwa wametembea kutoka Ethiopia, kisha Wasomali, Waethiopia, Wakongo, Warundi na wengine. Wadinka wengi kutoka Sudan waliwasili na Biblia na nyimbo walizozitunga safarini, na makanisa yalijengwa kwa udongo na makuti kabla ya nyumba nyingi kukamilika. Kwa wakimbizi hao kitabu cha Kutoka kilikuwa habari ya jana. Lakini kambi ni utawala wa namna ya pekee: mkimbizi hapigi kura, hawezi kuondoka bila kibali, na wanaoamua chakula chake hawakuchaguliwa naye. Jamii mbalimbali zikaanzisha mabaraza ya wazee ya kuamua kesi, na yale ya Wasudan Kusini yakawa na nguvu kubwa. Yalipunguza ugomvi na yalieleweka kwa watu. Pia watafiti wa haki za binadamu, kama Guglielmo Verdirame na Barbara Harrell-Bond, waliyakosoa kwa kuwafunga watu, hasa wanawake walioshtakiwa kwa uzinzi, bila rufaa. Sharti la Torati la mashahidi wawili au watatu lilijulikana na wengi wa wazee hao. Halikufuatwa kila mara.

Adhabu ya pamoja nayo ilirudi. Mwaka 1996 wakimbizi walipobomoa vizuizi vipya vilivyowekwa kwenye vituo vya kugawia chakula, mgao wa kambi nzima ulisimamishwa kwa majuma kadhaa. Miongoni mwa walioadhibiwa walikuwemo watoto wachanga na wagonjwa ambao hawakuwa wamegusa uzio wowote. Katika Mwanzo 18, Abrahamu anashindana na Mungu juu ya Sodoma, akishusha idadi kutoka wenye haki hamsini hadi kumi, na hoja yake ni moja: mwamuzi wa dunia yote hawezi kumwangamiza asiye na hatia pamoja na mwenye hatia. Ni ajabu kwamba hoja hiyo, iliyokubaliwa mbinguni katika simulizi hilo, haikupata mtetezi mwenye nguvu katika ofisi zilizosimamia Kakuma mwaka ule.

Kisha kuna ujira. Mkimbizi anayefanya kazi ya ualimu, ukunga au ukalimani katika mashirika ya Kakuma hulipwa kile kinachoitwa malipo ya motisha, kiasi kidogo sana kikilinganishwa na mshahara wa Mkenya anayefanya kazi hiyohiyo, kwa sababu sheria ilimnyima kibali cha kuajiriwa kikamilifu. Kumbukumbu la Torati 24 inataja kibarua mhitaji, awe ndugu au mgeni, na kuagiza alipwe ujira wake kabla ya jua kutua. Yeremia 22 inamlaani mfalme Yehoyakimu kwa kujenga jumba kwa jasho la jirani asiyelipwa. Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, iliandika haki pana zaidi za kufanya kazi. Utekelezaji wake umekwenda polepole.

Amri ya kumpenda mgeni, inayorudiwa mara nyingi katika Torati, inakuwa ngumu Kakuma kwa sababu si rahisi kusema mgeni ni nani. Mturkana alikuwa mwenyeji, lakini mara nyingi alikuwa maskini kuliko mkimbizi. Wanawake wa Kiturkana walibeba kuni na makaa hadi kambini na kurudi na mahindi ya msaada. Mapigano yametokea mara kadhaa juu ya kuni, maji na mifugo. Hapa lile sharti la Walawi 19, la kutompendelea mkubwa wala maskini, lina kazi, maana kila upande una hoja ya unyonge. Makazi ya Kalobeyei, yaliyofunguliwa mwaka 2016 kilomita chache kutoka Kakuma, yalipangwa ili wakimbizi na wenyeji watumie shule, hospitali na masoko yaleyale, na hilo lilikuwa kukiri kwamba mgao wa upande mmoja ulikuwa umezaa uadui.

Umbali wa saa chache kwa gari kaskazini magharibi mwa Kakuma uko mji wa Lokichoggio, uliokuwa kituo cha ndege za msaada wa Sudan tangu 1989. Juni 1998 Baraza la Makanisa la Sudan Mpya liliwakutanisha hapo machifu wa Dinka na Nuer, ambao watu wao walikuwa wakiuana ndani ya vita kubwa zaidi. Mkutano huo ulifungua njia ya mkutano wa Wunlit, ndani ya Sudan, kuanzia tarehe 27 Februari hadi 8 Machi 1999. Fahali mweupe alichinjwa kwa desturi, sala zikasaliwa, kisha kila upande ukapewa nafasi ya kusema mabaya uliyotendewa huku mwingine ukisikiliza. Maazimio yalihusu vitu vinavyohesabika: wanawake na watoto waliotekwa warudishwe, malisho na maji yatumiwe kwa pamoja, mipaka ilindwe. Viongozi wa makanisa waliandaa na kusimamia, lakini waliosema na kuamua walikuwa machifu na wazee, yaani Yethro alitoa ushauri akarudi kwake.

Katiba ya 2010 iliiletea Lodwar makao makuu ya kaunti yenye gavana, bunge na bajeti yake, pamoja na Mahakama Kuu. Kakuma, ambayo kwa miaka ilihudumiwa na mahakama tembezi kutoka Lodwar, nayo ikapata mahakama yake. Sura ya Sita ya Katiba inaeleza madaraka kuwa dhamana na inakataza upendeleo na ufisadi. Wahubiri wengi huilinganisha na orodha ya Yethro. Kifungu cha 159 kinatambua njia za jadi za kusuluhisha migogoro, na sera ya mwaka 2020 ya mifumo mbadala ya haki ikaweka mipaka yake, ili mti wa wazee usivunje haki za wanawake na watoto. Hivyo Debora amepewa nafasi chini ya mti kwa sheria, ingawa kumpisha akae ni kazi ya wazee wa kila kijiji.

Fedha zilipoongezeka, maswali yaliongezeka. Machi 2012 mafuta yaligunduliwa katika kisima cha Ngamia 1, bonde la Lokichar, kusini mwa Lodwar. Mabishano juu ya fungu la wananchi yaliendelea miaka saba, Gavana Josphat Nanok akidai zaidi kuliko serikali kuu ilivyotaka kutoa, hadi Sheria ya Petroli ya 2019 ilipoipa kaunti asilimia 20 na jamii ya mahali asilimia 5. Mwaka 2018, majuma machache baada ya malori ya kwanza kuondoka, wakazi waliyazuia barabarani wakidai usalama na kazi. Sehemu kubwa ya ardhi ya Turkana ni ya jamii, na Nabothi alikataa kuuza kwa hoja ambayo mfugaji anaielewa: urithi wa baba haubadilishwi kwa fedha hata kama bei ni nzuri. Mfalme Ahabu, aliyelitaka shamba lake, alimpa bei nzuri kwanza. Tatizo lilianza pale mfalme aliposhindwa kuvumilia neno hapana.

Kuhusu mgao wenyewe, mashine zimechukua nafasi ya kibaba. Tangu 2013 mkimbizi wa Kakuma hutambuliwa kwa alama za vidole kabla ya kupewa chakula, na mwaka 2015 ukaanza mpango wa Bamba Chakula, uliotuma sehemu ya mgao kwa njia ya simu ili itumike kwenye maduka yaliyosajiliwa. Udanganyifu wa kadi ulipungua. Mwaka 2025, wafadhili walipopunguza fedha, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani liliwagawa wakimbizi katika makundi manne kwa kipimo cha uhitaji, kundi la mwisho likiachwa bila chakula, na maandamano yakazuka kambini. Malalamiko mengi yalikuwa juu ya namna makundi yalivyopangwa: familia zilizojiona sawa zilijikuta katika mafungu tofauti, na aliyetaka kujua sababu aliambiwa awasilishe rufaa. Mwezi Machi mwaka huohuo serikali ilikuwa imezindua Mpango wa Shirika, unaokusudia kuzigeuza kambi kuwa miji ya kawaida. Kaunti iliyohesabiwa kuwa na watu 926,976 katika sensa ya 2019 ina wakimbizi wapatao 300,000 Kakuma na Kalobeyei, ambao diwani, mbunge na gavana hawahitaji kura yao hata moja.